Deni la zaïre 300 na ile namba yenye zero kumi na moja



Mwezi uliopita, siku ya Jumapili, nimeitwa kwenye kikao cha familia mbili hapa kwetu. Kulikuwa na karatasi ya mwaka 1974, imekunjwa mara nyingi mpaka imekuwa laini kama kitambaa. Imeandikwa kwa bic ya bluu: fulani amekopa kwa fulani zaïre 300, atarudisha. Chini, sahihi mbili. Wote wawili wamekwisha kufariki. Watoto wa mkopeshaji wako saba na wanadai haki ya baba yao. Watoto wa mkopaji hawakani deni, ni watu wa heshima, lakini wanauliza: tulipe ngapi katika feza ya leo? Ndipo mmoja akasema, «Mwalimu wa matematika iko hapa karibu. Aitwe.»

Nikaja na akili yangu ya shule. Nilijua kwamba faranga moja ya Congo ya leo ilichukua nafasi ya zaïre za zamani 300 000 000 000. Basi kazi ni kugawanya 300 kwa hiyo namba, nikafikiri, dakika moja tumemaliza. Kalkulatrisi ya duka ikakataa, maana ni ya tarakimu 8 na namba yenyewe iko na tarakimu 12. Haingii tu. Kijana mmoja akafungua telefoni yake, akaandika, na kioo kikajibu: 1E-9.

«Iko moja!» akasema kwa furaha. «Faranga moja!»

Upande mmoja wakaanza kucheka, upande mwingine wakaanza kusimama. Mimi nikaomba waketi, nikaomba kalamu. Ninachoandika hapa ni yale niliyowaeleza siku ile, pamoja na mengine ambayo sikuyasema kwa sababu wazee hawakuja kusikiliza somo. Ninyi mtanivumilia.

Kwanza hiyo 1E-9. Haisemi moja. Telefoni ikikosa nafasi ya kuandika zero zote, inafupisha: chukua 1, halafu sogeza koma hatua 9 kwenda kushoto. Ni 0,000000001. Yaani sehemu moja ya faranga iliyokatwa vipande miliari moja. Ili watoto wa mkopeshaji wapate faranga moja nzima, baba yao angepaswa kuacha karatasi za namna hiyo miliari moja. Na faranga moja ya leo hakuna anayeiinama kuiokota.

Hapa niweke neno juu ya majina, maana wengi wetu tunasoma kwa Kifaransa shuleni na kwa Kiingereza kwenye intaneti. Sisi tunaita 1 yenye zero tisa miliari. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanaiita bilioni. Lakini kwa Kifaransa biliyoni ni 1 yenye zero kumi na mbili, mara elfu zaidi! Kwa hiyo namba yetu ni miliari 300 kwa Mkongomani, na ni bilioni 300 kwa mtu wa Dar es Salaam, na ni kitu kile kile. Nimeona mwanafunzi wa mwaka wa mwisho amekosea mara elfu katika kazi yake kwa sababu ya neno hili moja. Mkiwa na mashaka, hesabuni zero, muache majina.

Sasa, namba imetoka wapi? Haikuanguka mbinguni. Ilijengwa kwa hatua mbili.

Zaïre kama feza ilizaliwa mwaka 1967, na ilichukua nafasi ya faranga za wakati ule, elfu moja kwa zaïre moja. (Feza ilitangulia kubeba jina hilo, nchi yenyewe iliitwa Zaïre mwaka 1971 tu.) Zaïre moja ilikuwa makuta 100, na likuta moja ilikuwa sengi 100. Mwanzoni zaïre moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Vijana mkisikia hivyo mnafikiri wazee wanatia chumvi, lakini ndivyo ilivyokuwa, kwa bei ya serikali, mpaka miaka ya katikati ya 1970.

Halafu feza ikaanza kuoza. Mwisho wa 1992 ikatoka noti ya zaïre 5 000 000. Mkuu wa serikali, Étienne Tshisekedi, akasema noti hiyo si halali, na wafanyabiashara wakaikataa. Askari waliolipwa nayo katika Januari 1993 wakaingia barabarani Kinshasa na watu wakafa. Mwaka huo huo, tarehe 22 Oktoba, ikaletwa feza mpya, nouveau zaïre. Moja ya mpya kwa 3 000 000 za zamani. Kasai waliikataa, wakaendelea na noti zao za zamani. Na tarehe 30 Juni 1998, chini ya Laurent-Désiré Kabila, faranga ya Congo ikarudi: faranga moja kwa nouveaux zaïres 100 000.

Mkizidisha 3 000 000 kwa 100 000 mnapata 3 yenye zero kumi na moja. Ndiyo hiyo namba yetu. Mkiongeza na ile elfu ya 1967, mnafika 3 yenye zero kumi na nne, lakini tubaki na zaïre, kwa sababu karatasi yetu ni ya zaïre.

Namba kubwa inaogopesha kwa urefu. Mtu akianza kuhesabu zaïre moja kila sekunde, bila kulala, bila kula, atafika miliari 300 baada ya miaka karibu 9 500. Lakini urefu si ndio tabia ya namba. Tabia ya namba iko ndani, katika namba tasa zilizoijenga, zile tuliofundishwa kwa jina la nombres premiers: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea, ambazo hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko moja inajengwa na namba tasa kwa njia moja tu, kama vile nyumba fulani ikibomolewa itatoa matofali yale yale kila mara.

Bomoeni basi 300 000 000 000. Kila zero ya mwisho ni 10, na kila 10 ni 2 mara 5. Zero ziko 11. Kwa hiyo ndani mna 2 kumi na moja, mna 5 kumi na moja, na mna 3 moja. Basi, ni hayo tu. Namba ambayo ingemchukua mtu miaka 9 500 kuihesabu imejengwa na aina tatu tu za matofali, na zote ni ndogo kuliko vidole vya mkono mmoja au sawa navyo.

Kutoka hapo mambo mengi yanajibika bila kalkulatrisi. Inagawanyika bila baki kwa namba ngapi? Kigawanyo chochote lazima kijengwe kwa matofali yale yale. Unaweza kuchukua 3 au kuiacha: njia 2. Unaweza kuchukua 2 sifuri, au moja, au mbili, mpaka kumi na moja: njia 12. Na 5 vilevile: njia 12. Basi 2 mara 12 mara 12 ni 288. Namba yetu iko na vigawanyo 288, wala hapungui hata kimoja. Si mraba wa namba nzima, kwa sababu mraba unataka kila tofali liwe na mwenzake, na hapa 11 ni witiri na 1 ni witiri. Ukitaka kuifanya mraba, ongeza tofali moja moja la kila aina, yaani zidisha kwa 2 mara 3 mara 5, ni 30. Unapata 9 000 000 000 000, ambayo ni 3 000 000 mara 3 000 000. Kwa maneno ya sokoni: faranga 30 za Juni 1998 zilikuwa zaïre milioni tatu mara milioni tatu. Nilipoliona hili nilicheka peke yangu, lakini si ajabu, milioni tatu yenyewe ndiyo iliyokuwa kiwango cha 1993.

Wanaosoma enformatiki nao wana lao. Komputa inaandika namba kwa 0 na 1 tu, na kwa njia hiyo namba yetu inachukua tarakimu 39; ndiyo sababu haikai katika nafasi ya tarakimu 32 ambayo programu nyingi za zamani zilitumia kwa namba nzima. Lakini angalieni mwisho wake. Kwa kuwa ndani mna 2 kumi na moja, hakuna zaidi, basi hata katika maandishi ya komputa inaishia na zero kumi na moja hasa. Kwetu zero 11, kwa komputa zero 11. Faranga yenyewe haijui, lakini mimi napenda.

Na majirani zake? Watoto wa mkopeshaji wako saba, na 7 haimo kati ya matofali. Basi faranga moja ikiwa imegeuzwa zaïre na kugawiwa kwa saba, haitatoka sawa. Inabaki ngapi? Inabaki 1. Zaïre moja katika miliari 300! Kila mmoja angepata 42 857 142 857, na juu ya meza ingebaki zaïre moja ya kugombania. Kama wangekuwa kumi na tatu ingekuwa kinyume: ingepungua zaïre moja, kwa sababu 300 000 000 001 ndiyo inagawanyika kwa 13, kila mmoja 23 076 923 077. Jaribuni wenyewe kwa kalamu. Msitumie kalkulatrisi ya tarakimu 8, itawadanganya au itakataa.

Sasa nifike kwenye tofali ambalo kwangu ndilo lenye hadithi. Ni ile 3.

Zero haziumizi mtu. Mwaka 1998, kwa kupita kutoka nouveau zaïre kwenda faranga, kazi ilikuwa kusogeza koma hatua tano tu. Mama wa sokoni asiyejua kusoma anaweza kuifanya: funika zero tano kwa kidole. Mwaka 1967 vilevile, zero tatu. Lakini mwaka 1993 ilitakiwa kusogeza koma hatua sita na kisha kugawanya kwa tatu. Na sisi tunahesabu kwa kumi, na kumi ni 2 mara 5, ndani yake hakuna 3. Hii ndiyo kanuni: sehemu inaandikika kwa koma na kuisha pale tu ambapo chini yake, baada ya kurahisisha, kuna 2 na 5 peke yake. Ikibaki 3 chini, tarakimu haziishi.

Chukueni noti ya zaïre 1 000 000. Gawanya kwa 3 000 000: 0,3333… na haina mwisho. Nouveau zaïre ilikuwa na makuta mapya 100, kwa hiyo noti hiyo ni makuta mapya 33 na theluthi moja ya likuta, na theluthi ya likuta haikuwa na noti yake. Likuta jipya moja ni zaïre 30 000. Makuta 33 ni zaïre 990 000. Zile 10 000 zilizobaki hazina pa kwenda. Noti ya 5 000 000, ile iliyoua watu Kinshasa, ni nouveau zaïre 1 na makuta 66, na zinabaki zaïre 20 000 nje. Mtu angehitaji noti tatu za milioni tano pamoja ili zitoke sawa: nouveaux zaïres 5 kamili. Mwenye noti moja au mbili alikuwa na kipande ambacho feza mpya haikuweza kukitamka.

Mtasema zaïre 10 000 wakati ule ilikuwa si kitu. Kweli, ilikuwa karibu si kitu. Lakini fikirini mwenye duka anayelazimika kugawanya kwa tatu mbele ya kila mteja, siku nzima, na mteja anayeshuku kwamba anaibiwa kila mara jibu likikatwa. Feza ni jambo la kuaminiana, na mgawanyo usioisha ni mahali pazuri pa ugomvi. Mimi nikiulizwa, nasema walioweka kiwango wangeweza kuchagua milioni moja, au hata milioni tano, na kila mtu angehesabu kwa akili. Sijui hesabu nyingine yoyote ya serikali iliyoingiza 3 katika mfuko wa kila raia kwa siku moja.

Na bahati ya kikao chetu ilikuwa hii: deni lilikuwa 300. Ndani ya 300 mna 3. Ile 3 ya juu ikafuta ile 3 ya chini, zikabaki zero tupu, na telefoni ikatoa 1E-9 safi. Kama marehemu angekopa zaïre 100, jibu lingekuwa 3,3333E-10 na kijana angetangaza faranga tatu na kitu. Angalau tuliepuka hilo.

Nikarudi kwa wazee. Nikasema, hesabu ni sahihi: zaïre 300, zikipitishwa katika viwango vyote viwili, ni sehemu ya miliari ya faranga. Mkubwa wa watoto wa mkopeshaji, muzee mwenye mvi, akaniangalia bila hasira. «Mwalimu, baba yangu alimpa rafiki yake kitu au hakumpa?»

Hapo nikaona kwamba nilikuwa najibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Namba yetu inasema karatasi ngapi zilibadilishwa kwa karatasi moja katika siku mbili, siku moja ya Oktoba 1993 na siku moja ya Juni 1998. Haisemi neno lolote juu ya miaka iliyopita kabla, kati na baada ya siku hizo. Mwaka 1994 peke yake bei zilipanda kwa asilimia maelfu, na siku hiyo hakuna zero iliyofutwa. Tarehe 25 Desemba 1979 noti za zaïre 5 na 10 zilitangazwa hazifai tena. Mtu aliyekuwa na 300 zake katika noti hizo sandukuni angeweza kuamka na makaratasi ya kuwashia moto, na bado hakuna kiwango kilichobadilika. Na tangu 1998 faranga nayo imeoza njiani: leo tuna noti ya faranga 20 000, ambayo kwa namba yetu ni zaïre 6 zenye zero kumi na tano nyuma yake, na hakuna mtu anayejiona tajiri kwa kuishika.

Nikafanya hesabu ya pili mbele yao. Mwaka 1974 zaïre 300, kwa dola 2 kila moja, ni dola 600. Upande wa pili wa kikao ukanyamaza. Dola 600! Nikaongeza haraka kwamba hiyo nayo si jibu takatifu. Dola ya 1974 si dola ya leo, nayo imepoteza nguvu, ikihesabiwa hivyo deni linazidi 600. Na upande mwingine, bei ya dola ilikuwa bei ya serikali, si lazima ndiyo bei ambayo mtu wa Kibombo angepata feza hiyo mkononi. Kati ya sehemu ya miliari ya faranga na dola mia sita na zaidi, matematika imeweka ncha mbili. Katikati ni kazi ya watu wanaojuana.

Walizungumza muda mrefu. Mimi nilinyamaza, kwa sababu sasa hawakuwa na haja nami. Aliyefunga jambo ni dada yao wa tatu, anayeuza mafuta ya mawese sokoni. Alisema wapewe dola 350, kwa mavuno mawili. Kaka yake akauliza kwa nini 350 na si 300 kama ilivyoandikwa, au 400. Akajibu bila kufikiri: «Tuko saba. Kila mtu hamsini, hakuna inayobaki.»

Upande wa wadaiwa wakakubali. Karatasi ya 1974 amebaki nayo yeye mpaka malipo ya mwisho.